Maji ya Harusi

Harusi ya binti yangu niliihudhuria jikoni kwangu, simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai. Nilivaa suti. Nilivaa hata viatu, ingawa nilijua simu haionyeshi miguu, nikakaa wima juu ya stuli kwa zaidi ya saa nzima nikiwatazama watu wa Kanada wakisimama na kuketi, wakisimama na kuketi. Katikati ya viapo kuku wangu mmoja akaingia. Nilishindwa kumfukuza, maana binti alikuwa ameniambia nisinyanyuke: picha yangu ilikuwa kwenye skrini kubwa pale mbele ya kanisa. Basi watu wote wale nisiowajua waliniona mimi na kuku.

Ilipokwisha, kioo cha simu kikawa cheusi, na ndani yake nikajiona mzee mwenye tai. Nikavua koti nikalitundika nyuma ya mlango. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba binti alipendeza. Mama yake tulimzika miaka sita iliyopita, kule chini karibu na miti ya kahawa, na mtoto tulijaliwa huyo mmoja tu. Nikasema kwa sauti, "Amependeza," kuku akanitazama, nikaona hapa nitarukwa na akili. Nikabadilisha nguo nikaenda kukamua ng'ombe.

Mimi ni fundi wa bomba. Nimelaza mabomba kuanzia Kiriaini mpaka Karatina, na nyumba nyingi za kupanga pale Majengo, Nyeri, zinapata maji kupitia viungo nilivyokaza kwa mikono hii. Kazini nilikuwa na desturi yangu. Nikimaliza, nafungua mfereji, naacha maji yateme hewa na matope mpaka yatulie, kisha nakinga kikombe cha kwanza na kukinywa mbele ya mwenye nyumba. Wateja walipenda sana. Walisema huyu fundi anaiamini kazi yake. Ukweli ni kwamba nilipenda kutazamwa.

Nyumbani sheria ilikuwa nyingine. Binti yangu akiwa darasa la tatu alishikwa na homa ya matumbo, nikakaa naye hospitalini siku kumi na moja nikimlisha uji kwa kijiko, mtoto ambaye baba yake ni mtu wa maji. Tangu hapo nikawa mkali. Akishika kikombe tu, namwuliza: "Imechemshwa? Usinywe bila kuchemsha." Nilimwambia hivyo asubuhi na jioni mpaka akawa ananiigiza mbele ya wageni, amekunja uso na kunyoosha kidole. Siku aliyopanda ndege, wazazi wengine pale uwanjani wakiwawekea watoto wao mikono ya baraka kichwani, mimi nilimwambia awe mwangalifu na maji.

Namwita Maitu, yaani mama yangu. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama mzazi wa baba, kwa hivyo mtoto niliyemfunga nepi ndiye pia mama yangu, na ndiye mama wa ndugu yangu mkubwa, ambaye boma lake limepakana na langu hapa juu ya Gakindu. Sisi wazee wawili wenye magoti mabovu, mama yetu ana miaka thelathini na moja na anakaa Kanada.

Wiki mbili baada ya harusi akanipigia. Tuliongea Kiswahili, kwa sababu mumewe anajifunza na alikuwa amekaa pembeni yake na daftari.

"Baba, tuliambia watu wasilete sahani na blanketi. Tuliweka sanduku tu. Hiyo pesa yote tunataka kurudisha nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Shule yangu. Nilibeba lita tano ya maji kila asubuhi mpaka darasa ya nane. Baba fundi wa maji, shule ya mtoto wake haina maji. Huoni aibu?"

"Mimi nililipwa na wenye nyumba. Shule ilikuwa inalipa na asante."

Akacheka. Mumewe akauliza kitu, akamweleza, naye akacheka akiwa amechelewa. "Habari baba," akasema mkwe. Ni mtu mpole. Sina neno naye.

Nilifurahi, na niliumia, vyote kwa pamoja, na sitajifanya hapa mtu mkubwa kuliko nilivyo. Kwetu msichana haolewi kwa simu. Watu wa mvulana huja mpaka langoni kwa baba wa msichana, wakakalishwa, wakaulizwa kama wamepotea njia ama wanatafuta nini. Na siku ya pombe, ile ya asali tunayoita muratina, baba hupewa pembe iliyojaa. Kabla haijagusa mdomo wake humwita binti mbele ya watu wote na kumwuliza: ninywe? Akisema nyua, yaani kunywa, baba hunywa na kuwapitishia ndugu zake, na hapo ndipo mtoto ameolewa. Akisema usinywe, wageni hubeba vibuyu vyao wakarudi kwao, na hakuna wa kumlazimisha. Neno la mwisho ni lake.

Nimekunywa pombe ya mabinti wa watu wengi. Swali langu mwenyewe nilikuwa nimelihifadhi tangu Maitu akiwa na meno ya maziwa. Alipochumbiwa aliniambia, "Tutakuja kufanya hayo yote, baba, tukipata likizo," nami nikasema sawa. Likizo haikupatikana. Ikaja pesa.

Nilienda Nyeri kununua vifaa kwa Mhindi ambaye nimenunua kwake tangu enzi za mabomba ya chuma. Nilipomjua alikuwa kijana anayepanda ngazi kuniteremshia skrubu. Sasa ana mvi kunishinda.

"Iko kazi kubwa, fundi?"

"Tangi ya shule. Ni pesa ya harusi ya msichana wangu."

"Hongera! Harusi ilikuwa wapi?"

"Kanada."

"Ulienda?"

"Niliangalia kwa simu."

Akachukua kitambaa akaanza kufuta kaunta, ingawa ilikuwa safi. "Mimi pia," akasema. "Kijana yangu, Uingereza. Kwa simu. Bibi yangu alipika chakula ya watu ishirini, tukakula wawili."

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu akaweka juu yake mifereji miwili ya shaba, ile mizuri ya bei, na nilipotoa pesa akausukuma mkono wangu. "Hiyo ni ya harusi," akasema, akaenda kumhudumia mtu mwingine.

Lori lililobeba tangi la lita elfu kumi haliwezi kupita Gakindu kimyakimya siku ya soko. Tulisimama kuongeza upepo kwenye gurudumu, watu wakazunguka, wakauliza fundi amepata wapi mali. Na mimi, kwa kujigamba kwangu, nikajibu kwa sauti kubwa ya kusikika mpaka kwa wauza viazi: "Hii ni pesa ya harusi ya msichana wangu!"

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu hakupaswa kulifanya. Huku kwetu, pesa ya harusi ya msichana ikionekana mkononi mwa baba yake ina jina moja tu: ruracio, mahari. Na ruracio hailiwi na mtu mmoja. Kuna mbuzi wa ndugu, kuna mbuzi wa wazee wa ukoo, kila mtu anajua sehemu yake. Kabla jua halijazama, soko zima lilikuwa linajua kwamba mimi nimepokea ruracio ya Maitu kutoka ng'ambo, nimeifungia mlango, na sasa nanunua tangi.

Kesho yake asubuhi ndugu yangu mkubwa alifika na wazee wawili wa ukoo, wote wamevaa makoti na kofia. Niwaambie mapema kwamba ulimi wa ndugu yangu na herufi l havijawahi kupatana.

"Fundi," akasema, hata kabla hajakaa, "tunasikia umekura ruracio ya mama yetu. Peke yako."

"Sijakula kitu. Hiyo si ruracio. Ni pesa watu walitoa kwa harusi, na yeye ameirudisha kwa shule."

"Kwa hivyo ruracio iko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu amekuja kwa hii boma kuuriza?"

"Hakuna."

Mzee mmoja akavua kofia. "Ati mama yenu ameenda bure?" akasema, na hakusema kwa ubaya. Alinionea huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikakwama. Nikisema ni ruracio, mimi ni mlafi. Nikisema siyo, basi binti yangu ameenda bure, na mimi ni baba ambaye hakuna aliyeona haja ya kumwomba ruhusa. Na hili la pili ndilo lililokuwa limenikaa kooni tangu siku ya kuku. Niliwapikia chai. Wakanywa, na mimi nikawachukia kwa sababu walikuwa wamelitamka jambo nililokuwa nalificha.

"Njooni shuleni Ijumaa," nikawaambia mwishowe. "Tutafungua maji. Mtakaa mbele, kama wazee wake."

"Na tutakunywa nini?" ndugu yangu akauliza.

"Maji."

"Maji," akarudia, akasimama na fimbo yake.

Kazi ile niliifanya karibu yote peke yangu. Walimu walinisaidia kuliviringisha tangi mpaka juu ya msingi wa mawe, halafu wakarudi madarasani. Nilikuwa napanda ngazi kufunga gata la kukinga maji ya mvua kwenye mabati, nateremka kuisogeza ngazi, napanda tena. Zamani mke wangu angeishika ngazi hata kama haina haja ya kushikwa, akinisimulia habari za watu. Juu kule, mdomoni nimebana misumari, wazo likanijia: Ijumaa binti atakuwa kwenye simu. Wazee watakuwepo. Kikombe cha kwanza ni changu, kwa desturi yangu ya miaka yote. Kwa nini nisimwulize? Muratina siyo lazima. Lazima ni swali, na mdomo wa kulijibu.

Sikumwambia. Baba hamwandai binti kwa swali hilo, maana jibu likipangwa halina uzito. Lakini mimi mwenyewe nilifanya mazoezi. Nilimwuliza ng'ombe mara tatu.

Jumatano mvua ikanyesha, tangi likajaa mpaka nusu. Ijumaa saa tisa mchana watoto walipangwa kwenye nyasi, wazee wangu watatu wakakalishwa kwenye viti vya ofisi ya walimu, na mwalimu mkuu, ambaye ni mama mwenye maneno mengi na moyo mzuri, akaishika simu juu ili Maitu aone. Kwao ilikuwa asubuhi. Nywele zake zilikuwa bado na maji, na mumewe alisimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Mwalimu mkuu akatoa hotuba. Akaishukuru Kanada yote. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mfereji wa shaba na kikombe cha bati cha marehemu mke wangu, na moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko siku nilipooa.

Nikafungua. Maji yakatema hewa, yakatema majani na vumbi la mabati, yakatulia. Nikakinga. Nikageuka nikaitazama simu.

"Maitu," nikasema, "haya maji imetoka kwa harusi yako. Ninywe?"

Niliuliza kwa Kiswahili kwa ajili ya mkwe, ili naye aelewe. Ningeuliza kwa Gikuyu huenda swali lingemgonga sikio, maana alipokuwa mdogo alikaa kwenye sherehe za binamu zake akalisikia. Kwa Kiswahili lilikuwa swali tu la baba aliyeshika kikombe. Uso wake ukakunjamana. Kidole kikanyooka.

"Imechemshwa?" akasema. "Baba! Usinywe!"

Watoto wakaangua kicheko. Wazee hawakucheka. Ndugu yangu alikuwa ameshanyoosha mkono kukipokea kikombe baada yangu, kwa hivyo najua alikuwa amelielewa swali, na najua alikuwa tayari kunisamehe. Akaurudisha mkono juu ya goti. Mwalimu mkuu akacheka na watoto, akamshukuru binti kwa kujali afya zetu, akaaga, akakata simu.

Nikamwaga yale maji chini. Sikuweza kuyanywa baada ya neno lile. Watoto wakapanga foleni na mitungi yao, wakiimba, na mimi nikaanza kukusanya spana zangu moja moja nikijifanya natafuta iliyopotea.

Ndugu yangu alinisindikiza mpaka getini.

"Umesikia," akasema.

"Alikuwa anasema juu ya kuchemsha."

"Nimesikia neno."

"Hakujua namwuliza nini."

Akasimama, akaegemea fimbo. Hakuwa na hasira tena. "Basi ungemfundisha," akasema. "Urimfundisha kuchemsha maji."

Kutoka shuleni mpaka kwangu ni mwendo mfupi, lakini siku hiyo niliuona mrefu. Nilikuwa nimebeba mtungi wa lita tano wa maji yale, kama alivyokuwa akibeba yeye, ila yeye alikuwa akiyapeleka na mimi nilikuwa nayarudisha. Alikuwa amesema kweli, ndugu yangu. Mambo yote niliyotaka mtoto ayajue nilidhani atayaokota mwenyewe kwa kukaa kwetu, kisha nikamlipia nauli ya kwenda kusiko kwetu. Jambo moja tu nililomfundisha kwa bidii ni lile aliloniambia, na aliniambia kwa upendo, na ndilo lililoniaibisha. Niliketi jikoni. Sijawahi kuisikia nyumba ile ikiwa kimya vile, hata wiki ya mazishi, maana wiki ile kulikuwa na watu.

Halafu nikajiuliza, wewe fundi, maji yakikataa kupita hapa unafanyaje? Huzungushi bomba?

Nikawasha jiko. Nikamimina maji kwenye sufuria, nikayaacha yachemke vizuri, yatokote, tena nikayaongezea muda. Nikayapoza dirishani ndani ya karai la maji baridi. Jua lilikuwa bado kwenye miti ya kahawa. Nikalitoa koti la suti nyuma ya mlango nikalivaa, nikakijaza kikombe cha bati, nikaiegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai, nikapiga kwa video.

"Baba, uko sawa?"

"Niko sawa. Uko na kazi?"

"Niko na dakika kidogo. Walifurahia maji?"

"Walifurahi." Nikakishika kikombe kwa mikono miwili. "Maitu, yale maji nimechemsha. Imepoa. Sasa nakuuliza tena. Ninywe?"

Baba habembelezi hapo. Nikasikia kijiko kikiwekwa mezani huko kwao.

"Baba," akasema, sauti imekuwa ndogo. "Wale wazee. Walikuwa hapo wakati nilikujibu?"

"Walikuwa."

"Wakasikia vile nilisema?"

"Walisikia."

Akavuta pumzi ndefu. Nilimwona akiuweka mkono mdomoni, akiutoa. Kisha akaniambia kwa Gikuyu, lugha ambayo hatukuwa tumeitumia kwenye simu hiyo tangu apate mchumba:

"Nyua, baba."

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi na plastiki mpya. Baba akishakunywa hupitisha pembe upande wa kulia, na upande wangu wa kulia palikuwa na stuli tu, kwa hivyo nikaacha nusu, nikaifunika kwa kisahani, ya kumpelekea ndugu yangu.

"Ni tamu?" binti akauliza. Alikuwa analia.

"Ina plastiki. Itaisha."

Mumewe akasogea, akamwuliza kuna nini. Nikamsikia Maitu akianza kumweleza kwa Kiingereza, polepole, kutoka mwanzo. Kiingereza changu ni cha vipimo na majina ya spana, kwa hivyo nilishika maneno machache tu: baba, kikombe, wazee, mimi. Alieleza kwa muda mrefu. Nikaisogeza simu karibu na kikombe, nikakaa wima juu ya stuli na koti langu, na sikukata.